Injini Aliyoifunga Celina

Celina alizungusha ufunguo. Injini ya dizeli aliyoifungua na kuifunga upya peke yake ikakoroma tu, haikuwaka.

Mwenye lori, mfanyabiashara wa Kariakoo, akaguna. "Si nilisema aifunge mzee mwenyewe?"

Mzee, baba yake Celina, alikuwa amekaa mlangoni mwa gereji yao ya mtaa wa Gerezani. Masikio yake yalikuwa yameshazibwa na miaka ya kelele za injini, lakini macho hayakumbanduka binti yake. Hakuinuka kumsaidia.

"Kuna hewa kwenye mafuta," Celina alisema. Akalegeza skrubu iliyo juu ya filta, akaanza kubonyeza pampu ndogo ya mafuta kwa kiganja. Dizeli ikatoka na povu. Akaendelea mpaka ikatoka safi, bila kipovu hata kimoja, ikimtiririkia vidoleni. Akakaza, akarudi kwenye ufunguo.

Injini ikawaka. Ikatema moshi mweupe, kisha moshi ukakatika.

Baba akasogea polepole, akaweka kiganja juu ya injini, akafumba macho. Mtetemo ulimpanda mkononi, laini, usioyumba.

Mwenye lori akamnyooshea mzee mkono. "Asante sana, fundi!"

Mzee hakuupokea. "Mimi sijafunga hata nati moja," alisema, kwa sauti iliyowafikia mafundi wa gereji za jirani. "Mpe mkono fundi wako. Huyu hapa."

Celina aliutazama mkono wake uliolowa dizeli, akaunyoosha hivyo hivyo.