Neno la Bi Lulu

Begi la bluu halikuwa juu ya kabati.

Anicet alipanda tena kwenye kiti, akapapasa vumbi kwa mikono yote miwili. Hola. Tangu yeye na mama yake wafike Durban, begi lile lilikaa palepale bila kuguswa, na leo analihitaji, limeota miguu. Shati lake la shule nalo halionekani. Basi akachukua mfuko wa plastiki, akaanza kusokomeza nguo.

Haraka aliyokuwa nayo haikuwa ya mchezo. Baba yake wa kambo, Athanase, Jumamosi hutoka bohari kule Clairwood mchana, na akirudi asimkute. Ilikuwa hivyo au kifo. Bi Lulu ndiye aliyesema.

Hakumwambia yeye. Bi Lulu, msusi wa kutoka Tanga anayefanya kazi na mama yake katika saluni moja hapo Greyville, aliingia jikoni asubuhi, hodi yenyewe akiipigia ndani. Anicet alikuwa bado kitandani, na ukuta uliomtenga na jiko ulikuwa ubao mtupu.

"Shoga!" Bi Lulu alisema, sauti juu. "Athanase ataua mtu humu ndani! Kesho ni mbali. Ni leo leo."

"Minajua," mama alijibu, naye analia. "Minajua yote. Lakini mutoto, nitamwambia nini?"

Neno lile la kwanza la Bi Lulu, Anicet hakuwahi kulisikia kwao Bukavu. Alilisikia hapahapa, wiki iliyopita, kando ya uzio wa uwanja wa mbio za farasi, mvulana mwenzake Glody alipomshika mkono na yeye akauacha mkono ushikwe. Vijana wa Kitanzania walikuwa wanapita. Mmoja akalitamka, wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Anicet aliuliza maana yake, na Glody, mtu wa kucheka hovyo, alimweleza bila kucheka.

Sasa limefika nyumbani.

Kwa Glody hakuendeki. Anaishi Cato Manor kwa mjomba wake mchungaji. Angelala wapi, Anicet hakujua, na wala si hilo lililomliza. Vita vilipoingia Bukavu walitoka watu wawili tu, mama na yeye, na njia nzima hawakuachana hata sokoni. Leo mama hataki hata kumtazama. Tangu asubuhi amempa mgongo, amejifunga kitenge mpaka kidevuni katika joto lile la Februari, anakaanga samaki kwa mkono wa kushoto. Kijana wa miaka kumi na saba, alitamani awe mtoto mchanga, abebwe.

Mlango wa kutokea ulikuwa jikoni. Akapita kwa kunyata.

"Uko unaenda wapi na ule mufuko?" mama aliuliza bila kugeuka.

"Naenda tu, mama. Nilisikia."

Mwiko ukasimama. "Ulisikia nini?"

"Yote. Ya Athanase." Alikuwa amepanga kutolia, lakini machozi hayakuulizwa. "Ni kweli, mama. Ni Glody. Minamupenda. Niliomba Mungu aniondolee hii kitu, usiku na mchana niliomba, hakuniondolea. Athanase asinikute hapa. Minaenda. Lakini weye usinichukie, mama. Tafazali. Athanase anichukie, batu bote banichukie, lakini si weye."

Mafuta yaliendelea kuchemka peke yake. Mama akazima jiko.

"Lulu alisema nini?" aliuliza polepole. "Niambie vile ulisikia."

"Alisema shoga." Neno lilimtoka kama mfupa kooni. "Alisema shoga, Athanase ataua mutu."

Hapo mama akageuka. Kitenge kilimteleza, na Anicet akaiona shingo yake: alama za vidole, nyeusi, huku na huku. Mkono wa kulia ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko. Akainama chini ya sinki, kwa ule mzima akavuta kitu kizito.

Begi la bluu. Lilikuwa limejaa, zipu haifungi, na juu kabisa lilikunjwa shati la shule.

"Shoga ni miye," mama akasema. "Lulu ananiitaka vile. Vaa viatu, mwanangu. Mambo ya Glody utaniambia mu taxi."