Tambi za Wageni

Mwalimu Mideva alijibanza nyuma ya magunia ya mkaa, mkoba ameuinua kuziba uso, akiwachungulia wageni wake mwenyewe. Mtu mzima, mama wa watoto, anavizia wazungu mchana kweupe hapo Gatina, mtaani kwake Nairobi. Aibu ilimshika, lakini hakutoka.

Wageni hao, Elin na Jonas, walikuwa walimu kutoka Uswidi. Walikuja kutafuta shule ya kushirikiana nayo. Asubuhi walifundisha katika shule ya Mideva kule Kambi Muru, Kibera, na usiku walilala kwake Kawangware. Watoto wa darasa la nne walishampenda Elin hata wakamtungia bangili ya shanga nyekundu na kijani, naye hakuivua tena.

Kesho ndiyo siku ya kutia sahihi. Mkataba ukipita, mwakani ni zamu ya Mideva kupanda ndege kwenda kufundisha kwao. Koti la baridi alishalinunua soko la mitumba la Toi, zito ajabu, linaning'inia nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Walimu wenzake walishaanza kumwita Mama Majuu, na yeye anaitika.

Sasa, wageni walikuwa na tabia ya kupotea. Kila wakitoka shule na kuoga, Elin hutabasamu na kusema kwa Kiswahili chake cha kujifunzia kwenye simu, "Sisi tunatembea kidogo." Hurudi baada ya saa nzima, nyuso zinang'aa, mikono inanukia ndimu. Mezani wanadonoadonoa chakula kwa adabu, wanasema asante, basi.

Mideva alijua ndimu hiyo inatoka wapi. Kabiro kulikuwa na shule nyingine iliyoumezea mate ushirikiano huo, shule ya ghorofa yenye basi lake. Huko lazima wageni wanakaribishwa na juisi baridi kwenye glasi ndefu.

Na si kwamba yeye hakuwatunza. Mwalimu mkuu, Bwana Khamala, alimwonya mapema: "Mwalimu, ugali usijaribu. Tumbo la mgeni likichafuka, tumeisha. Wapikie vitu vyao." Basi akapika tambi. Tambi na soseji, tambi na mayai, tambi na nyanya. Na kwa sababu alilelewa kwamba mwenyeji hali tofauti na mgeni wake, nyumba nzima ikala tambi. Mumewe Wanzala, fundi wa viti, alizizungusha kwenye uma, akauliza kwa upole chakula chenyewe kinakuja saa ngapi. Mideva akamkanyaga mguu chini ya meza.

Leo aliwafuata. Walipita duka la dawa, wakapita kanisa, wakakata kona ya njia iendayo Kabiro. Mideva akangoja kidogo asionekane, kisha naye akakata kona. Hawapo. Zilikuwepo bodaboda tu, zinapita na abiria zake.

Wamepanda boda, wameenda kwa matajiri. Alisimama pale akaliona koti lake likizeeka nyuma ya mlango, na machozi yakamlenga.

Kibanda cha chakula cha Mama Ndunge kilikuwa hapo hapo kwenye kona, na miguu ya Mideva ilikijua. Tuseme ukweli: hata yeye tambi zilimshinda siku ya pili tu. Tangu hapo, kila jioni alikuwa akiaga kwamba anaenda kununua maziwa, anapitia hapo, anapiga ugali na omena, vile visamaki vya ziwani, chapuchapu, kisha anarudi na maziwa yake na uso wa mtakatifu.

Mama Ndunge, Mkamba wa Kitui, alishtuka kumwona. Akavuta pazia lililogawa kibanda, akaongeza sauti ya redio.

"Leo umekuja mapema, mwalimu."

"Leo nina machungu. Nipe ugali mkubwa. Mbona umefunga pazia?"

"Kuna wateja huko nyuma. Wewe kaa hapa mbele, na uongee polepole. Si wewe peke yako unakula hapa ukijificha. Na siri ya mteja mimi sitoi."

Mideva akala, na kila tonge likamfungua moyo zaidi. "Wageni wangu wamenihepa, Mama Ndunge. Wako Kabiro saa hii," alinong'ona. "Na hata siwalaumu. Zile tambi hata mimi nikiziona nasikia kulia. Lakini ningewapa nini? Omena wanaowaangalia na macho?"

Mama Ndunge alijiziba mdomo na aproni, akakohoa kikohozi kirefu. Kisha akamsogezea bakuli la maji na kipande cha ndimu cha kutolea harufu ya samaki.

Mideva alikuwa anajisugua vidole stima ilipopotea. Redio ikanyamaza.

Pazia likatikisika. Ukatokeza mkono uliobabuliwa na jua, bangili ya shanga nyekundu na kijani kifundoni, umeshika sahani tupu.

"Mama Ndunge," sauti ikasema, neno moja moja, "ongeza ugali, tafadhali. Na omena. Kesho sisi tunatia sahihi. Lakini Mwalimu Mideva asijue hapa."

"Hata mimi niongezee," ikadakia sauti nzito ya fundi wa viti. "Huyo mama atatumaliza na tambi."