Sababu Tano za Kumwondoa Mfalme

"Taja jina," Okullo alimwambia Mwalimu Wanyama, "ama huyu mtoto anarudi kwao leo."

Karatasi ilikuwa mezani kati yao, bado ina gundi pembeni. Asubuhi hiyo ilikutwa imebandikwa kwenye mlango wa bwalo, na wanafunzi mia nne wa shule ile ya bweni, upande wa Kyambogo, wakaukataa uji. Hawakuvunja kitu. Waligonga sahani tu, wote kwa pamoja, hadi majirani wakatoka nje kutazama.

Okullo ndiye mwenye shule. Wanafunzi walimwita Mkurugenzi akiwa karibu, na Mfalme akiwapa kisogo. Alizaliwa kambi ya polisi, akawa ofisa wa polisi, akastaafu na tumbo lake; na alipokasirika alikiacha Kiingereza cha ofisini akarudi kwenye Kiswahili cha kambini. Mwalimu Wanyama, Mkenya wa Bungoma aliyefundisha historia hapo mwaka wa saba sasa, alikielewa Kiswahili hicho kuliko alivyotaka.

Kichwa cha karatasi kilisema: Sababu Tano za Kumwondoa Mfalme. Okullo alitaka kujua ni nani anayewafundisha watoto wake mapinduzi. Wanyama akajibu kwamba ni yeye, kwamba mfalme wa somo ni yule wa Ufaransa aliyekatwa kichwa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, na kwamba mada hiyo iko kwenye mtaala. Okullo akamwambia hapa ni Buganda, Mengo kwenye kasri la mfalme si mbali, neno mfalme si la kuchezea. Maneno matupu. Wote wawili walijua ni mfalme gani aliyeguswa.

"'Sababu ya kwanza,'" Okullo alisoma, "'Mfalme ameshiba, kwa hiyo haamini kwamba kuna njaa.' Mimi hiyo?"

Ya pili ilisema mabweni yanavuja huku Mfalme akijijengea geti. Geti jipya lilionekana dirishani, rangi haijakauka. Ya tatu ilikuwa wadudu kwenye maharage. Ya nne ilisema wanafunzi wanasomea koroboi, na hapo Okullo akacheka kwa dharau.

"Koroboi iko wapi hapa? Umeme iko kila pahali. Unaona uongo ya hawa watoto?"

Wanyama akausogeza mkoba wake karibu.

Ya tano Okullo aliimalizia akiwa ameyatupa macho dirishani: "'Anayelalamika anaitwa mchochezi, na mchochezi anafukuzwa, kwa hiyo imebaki njia moja.'" Akaisukuma karatasi kama sahani chafu. "Mimi nilisoma hapa hapa, mwalimu. Posho ya wadudu tulikula. Mvua ilitupiga kwa kitanda. Hakuna mtu alifungua mdomo. Mwenye aliandika hii hana adabu, na hatakuwa mtu hata siku moja."

Mwandiko ulikuwa wa Akumu, na Akumu hakuukana. Alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono nyuma, kiranja wa kidato cha sita ambaye mama yake ni askari wa kawaida kule Bwaise. Mtihani wa mwisho ulibakiza wiki sita. Akifukuzwa leo hakuna shule itakayempokea, na mwaka mzima wa mshahara wa mama utakuwa umekwenda na maji. Alisema alinakili tu, kama darasa zima lilivyonakili kutoka ubaoni kwa Mwalimu Wanyama. Kubandika, ndiyo, alibandika yeye. Maneno hakuyatunga.

Okullo akamgeukia mwalimu taratibu. "Basi ni wewe. Nyinyi Wakenya, fujo iko kwa damu."

"Si mimi, Mzee."

"Nani, basi?"

Wanyama alilijua jina. Alilijua tangu juma lililopita, na tangu siku hiyo hakupata usingizi mzuri. Watoto wake wawili walisoma hapo bila ada. Kibali chake cha kazi kilikuwa na mhuri wa shule hii. Mwenye jina lile angeweza kumtupa mpakani Malaba na virago vyake kabla jua halijazama. Aliogopa, na alijichukia kwa kuogopa.

Okullo akavuta barua iliyokwisha kuchapwa ya kumfukuza Akumu, akaitia sahihi. Msichana akaanza kulia bila sauti. Wanyama akamtazama mara moja tu, ikatosha.

"Mzee, nikikuletea mwenye maneno, utamfanya nini?"

"Namfukuza mbele ya shule yote. Hata kama ni mtoto ya waziri. Hata kama amezaliwa kwa nyumba yangu."

"Na Akumu?"

"Atabaki. Mimi nataka kichwa, sitaki mkono."

"Akumu, umesikia," Wanyama alisema.

Akafungua mkoba wake akatoa karatasi moja ya kahawia, kingo zimeliwa na mende. Alieleza kwamba aliitoa kwenye sanduku la stoo, alipokuwa akitafuta nyaraka za zamani za kulionyesha darasa; kwamba aliiandika ubaoni neno kwa neno, ila jina na tarehe aliviacha. Akailaza juu ya barua ya kumfukuza Akumu, akarudi nyuma hatua mbili.

Okullo akavaa miwani. Juu palikuwa na tarehe ya Juni 1988. Zilifuata sababu tano, zile zile, na koroboi yake. Chini kabisa wino ulikuwa umefifia, lakini jina lilisomeka vizuri: Lawrence Okullo, kiranja, kidato cha sita.