Ndala za Bi Hadia

Kijana wa mashine hakuwa na maneno matamu. "Vua bangili, vua hereni, na hizo ndala ziache hapo mlangoni," alimwambia Bi Hadia bila kumtazama. "Ukitikisika tu, tunaanza upya."

Ukali ule ulimtuliza. Mtu anayekufa hakaripiwi. Kilichomtisha ni madaktari, maana kila aliyeuminya uvimbe wa nyuma ya bega lake alinyamaza, akamwita mwenzake, na mwenzake naye akanyamaza, mpaka wakamleta kwenye mashine hii ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili.

Akasukumwa ndani ya shimo jeupe. Mashine ikagonga kama mafundi bati wenye haraka. Bi Hadia alifumba macho akasoma kila dua aliyoijua, na zilipomwishia akasoma hata ile ya kulia chakula. Katikati ya kelele, sauti ya kijana ikamfikia kwenye spika, laini kuliko mwanzo.

"Vumilia kidogo, mama."

Hakuwa amemwita mama hapo kabla. Bi Hadia akazianza dua zake upya.

Kelele zilipokoma, kitanda kikamtoa nje. Akaketi ukingoni, akautafuta uso wa kijana asiupate. Kijana alikwenda mlangoni, akaziokota ndala kwa mikono miwili, akapiga goti, akazipanga mbele ya miguu ya Bi Hadia.

"Nigombeze, mwanangu," alisema Bi Hadia. "Nigombeze kama mwanzo."

Kijana akabaki ameinama, akizinyoosha ndala ambazo zilikwisha kunyooka.