Mali ya Mama Wamucii

Norman alikuwa amepiga magoti kwenye korido ya mahakama, suti na yote, akimfunga mama kamba za viatu. Viatu vyenyewe vilikuwa vipya, tena vikubwa. Mama aliketi kwenye benchi akimtazama kwa mshangao.

Wakili Sifuna alisimama kando akiwatazama. Miaka mingi alikuwa amewatetea watoto wa matajiri wa Nairobi, na alikuwa anawajua. Mzee akianza kusahau funguo, wao wanaanza kukumbuka ploti. Daktari hajaitwa, wakili ameshafika. Lakini huyu Norman, lo, alikuwa mwana wa aina nyingine! Alikuwa amebeba leso mbili: moja ya kumpangusa mama mdomo, nyingine ya machozi yake mwenyewe.

Sifuna naye alihitaji sana mteja mwadilifu. Wakubwa wa mawakili walikuwa wamemwonya kwamba akishtakiwa kwao tena, leseni yake ataisikia kwa jirani. Kwa hiyo kesi hii alikuwa ameichunguza kwa makini, yaani alikunywa chai na Norman, na Norman akalipa.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi. Mama Wamucii, mjane wa marehemu Mungai, alikuwa na jengo la ghorofa Kileleshwa. Mwaka ule wa 2006 wanunuzi walikuwa wakilitafuta jengo hilo kwa tochi, na mama alikuwa amewafukuza wote. Kisha akili zikaanza kumtoka, na Norman, mwanawe wa pekee, akalazimika kuomba korti impe mamlaka juu ya mali yote. Alilazimika, maskini. Hakupenda hata kidogo.

Jaji aliwapokea ofisini kwake. Ripoti ya daktari ilikuwepo, imepigwa muhuri. Kitambulisho kilikuwepo pia, chenye picha ambayo hata mwenyewe angeikana.

"Habari yako, mama," jaji alisema kwa upole. "Unaitwa nani?"

"Syokau," mama akajibu bila kusita.

Norman akafumba macho. "Mheshimiwa, Syokau alikuwa yaya wetu. Ndiye alinilea tukiishi mtaa wa Jamhuri. Siku hizi mama anajiita hivyo." Sauti ikamkatika, leso ya pili ikafanya kazi.

Mkalimani wa Kikuyu akajaribu lugha ya nyumbani. Mama akamjibu kwa Kikamba, maneno marefu yaliyonyooka. Mkalimani akashika shavu.

"Mheshimiwa, hata Kikuyu imemtoka."

"Alifundisha Machakos, kwa Wakamba, miaka mingi," Norman akasema kwa huzuni. "Sasa ni kama ndiko kumebaki kichwani."

"Woiye," jaji akasema. "Mama, una nyumba ngapi Kileleshwa?"

Mama akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Nyumba? Mimi? Mimi nimepanga chumba kimoja, na hata hicho kinavuja!"

Sifuna akasimama. Hii nafasi hakuwa wa kuiacha impite. "Mheshimiwa, mjane mwenye ghorofa nzima anadhani amepanga chumba kinachovuja. Tutafute ushahidi gani mwingine?"

Jaji akatikisa kichwa. Akamwonyesha Norman kwa kalamu. "Na huyu ni nani, mama?"

Mama akamwangalia Norman juu mpaka chini, akatabasamu. "Jina lake limenipotea. Lakini ni kijana mzuri. Mama yake alimlea vizuri sana."

Basi, nani angeweza kustahimili hayo? Karani alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Jaji alivua miwani akaipangusa. Sifuna, mtu mzima na kitambi chake, alilia waziwazi, na wala hakuona haya. Amri ikatolewa palepale: kuanzia siku hiyo Norman angesimamia mali ya Mama Wamucii, nyumba, kodi na akaunti za benki, na sahihi yake ingekuwa kama ya mama mwenyewe.

Nje kwenye ngazi, Norman alimshika Sifuna mkono kwa mikono yote miwili. Alimsihi asijisumbue tena. Benki angeenda mwenyewe, na wapangaji wa Kileleshwa angewaambia mwenyewe, pole pole, hakuna haraka. Unyenyekevu ulioje! Kisha akampeleka mama kwenye gari, akamfungulia mlango wa nyuma.

Lakini wema huambukiza kama mafua. Kesho yake asubuhi Sifuna hakuweza kutulia ofisini. Kijana ana mzigo mzito, akawaza, kwa nini nisimpunguzie? Akachukua nakala ya amri, akapanda teksi hadi Kileleshwa.

Ndani ya geti alimkuta mama mmoja mzee aliyevaa gambuti, amesimama juu ya mtaro uliochimbuliwa, anagombana na fundi wa mabomba.

"Nilikuagiza ya inchi moja, umeniletea ya nusu inchi. Unadhani mimi ni mtoto?"

Fundi akainamisha kichwa. Sifuna akakohoa kidogo, akaweka uso wa msibani.

"Samahani, mama. Wewe ni mpangaji hapa?"

"Kwa nini?"

"Nina habari za kusikitisha. Mama Wamucii, mwenye nyumba, amepotewa na akili. Nilimwona kwa macho yangu jana, mbele ya jaji. Kuanzia sasa kodi zote atapokea mwanawe, Norman. Pole sana." Akamkabidhi ile amri.

Mama akavaa miwani, akaisoma polepole mpaka kwenye muhuri, kisha akamtazama wakili.

"Wamucii ni mimi," alisema. "Jana kutwa nilikuwa hapa na huyu fundi. Nyinyi huko kortini mlikuwa na nani?"