Kuni za Kilimani

Tangu asubuhi, kilima kilipoporomoka na kukifukia kibanda cha fundi baiskeli pamoja na watu waliokuwa wamejikinga mvua ndani yake, Sikudhani hajakaa chini. Anawapikia uji waokoaji, na mgongo umemuuma mpaka amechoka kuuhurumia. Wanawake wa mtaa wanaleta unga na sukari, na kila mmoja mzigo wake wa kuni.

Waokoaji wanakunywa wima, tope hadi magotini, wakibishana bila nguvu. Mmoja anasema ni mvua. Mwingine anasema ni katapila la barabara lililochimba chini ya kilima. Lugano, kiongozi wao, anamrudishia Sikudhani kikombe.

"Ni miti, dada. Mizizi ndiyo iliyokuwa imeushika udongo ule."

Wanawake wanautazama moto. Kuni zote zimetoka kule juu, na gogo kubwa kuliko yote alilikata Sikudhani mwenyewe.

Lugano anapuliza filimbi. Ikilia hiyo, kila mtu ananyamaza, wasikilize kama kuna anayegonga chini ya udongo. Majembe yanatulia. Mama mmoja anamziba mwanawe mdomo. Moto tu ndio unaotatarika.

Lugano anageuka kuutazama. Sikudhani anainama, analichomoa lile gogo mekoni na kusimama nalo likifuka moshi, udongo mwekundu ungali umeganda kwenye shina lake.

Ko, kitu kinalia, kama mtu anayegonga au kuni inayopasuka.

Watu wote wanatazama chini, kwenye tope. Sikudhani peke yake analitazama gogo lililo mikononi mwake.