Hitilafu ya Tatu

Magari matatu tu yalikuwa yamebaki mbele ya gari la shule kwenye foleni ya kupimwa moshi, na taa ya injini ilikuwa bado inawaka.

"Hitilafu zipo tatu humu, Mwalimu," fundi alisema, mashine yake ya kusoma hitilafu ikiwa imechomekwa chini ya usukani. "Nikizifuta, taa inazima, unapita."

"Futa basi, baba. Watoto wanasubiri gari."

"Mbili ni za moshi. Hii ya tatu ni ya breki. Presha ilipotea ghafla, tarehe sita mwezi uliopita, saa moja asubuhi."

Mwalimu aligeuka. Asubuhi hiyo ndipo gari hilihili la shule yake lilipogonga ukuta kule Mtawanya, mtoto mmoja akavunjika mkono. Americo, dereva wake kwa miaka tisa, aliapa kwamba alikanyaga breki ikagoma. Mwalimu akamfukuza mbele ya wazazi, akamwita mlevi. Gari likanyooshwa bodi tu, likarudi barabarani.

Kidole cha fundi kilikuwa juu ya kitufe, ukucha mweusi kwa grisi.

"Nafuta zote?"

Foleni ilisogea. Gari la nyuma likapiga honi.

"Usiguse!"

Mwalimu aliipiga picha skrini ya mashine. Kisha akazima injini palepale na kupiga simu.

"Shikamoo, Mwalimu," Americo aliitikia, kwa adabu ileile.



"Americo, kesho nawaita wazazi walewale. Tafadhali, njoo."